Niligombea kamati ya shule kijijini kwetu Newala, mzazi mwenzangu soma kabla hujasimama

Naandika haya kwa mzazi yeyote, hasa akina mama, ambae anaiangalia shule anayosoma mtoto wake anaona mambo hayaendi, na moyoni anajiuliza hivi na mimi nikiingia kwenye kamati si ningesaidia. Ungesaidia sana. Ila njia ya kufika pale ina mambo ambayo hakuna mtu anakaa chini kukuelezea, mi nimepita nimeyaona ndo maana nayaweka hapa yote, hela iliyonitoka, maneno niliyosemwa na jinsi kura zilivyopatikana.

Tuelewane kwanza. Shule ya msingi ina kamati ya shule, sekondari ina bodi. Bodi wajumbe wake wanateuliwa. Kamati ya msingi ndo sisi wazazi tunachagua wawakilishi wetu kwenye mkutano, mwalimu mkuu anakuwa katibu na mwenyekiti anatoka upande wetu. Na ipo kisheria kabisa, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inaitaja, sio kikundi cha kupika pilau siku ya mahafali kama wengi kijijini wanavyoichukulia.

Kilichonisukuma mimi ni vyoo. Mi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na mabinti wakija kupimwa sketi wanaongea, we unashona wao wanaongea. Binti yangu mwenyewe alikuwa darasa la sita, akawa kila mwezi kuna siku haendi shule, ukimuuliza anasema tumbo. Siku moja akaniambia ukweli, mama choo hakina mlango na maji hakuna, nitaendaje. Kwa wasioijua Newala, sisi tuko mkoani Mtwara, juu kabisa kwenye uwanda wa Makonde, maji yanapandishwa kutoka mabondeni kwa mashine tangu enzi za mkoloni, kiangazi kikikaza ndoo ya maji unaitafuta kama dawa. Sasa shule ina wasichana zaidi ya mia mbili na matundu matatu, na hayo matatu moja lilikuwa limejaa. Nikamuuliza bwana afya wa kata akaniambia mwongozo wa serikali ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Nikapiga hesabu palepale barabarani, sisi tulitakiwa tuwe na kama kumi na moja kwa wasichana peke yao.

Mkutano wa wazazi uliofuata nikanyoosha mkono nikauliza. Nikajibiwa kamati italifanyia kazi. Nikauliza kamati ni akina nani, wasimame tuwaone. Watu wakawa wanaangaliana. Kumbe mwenyekiti wa kamati alishahama wilaya zamani, wajumbe wengine wawili hawajaitwa kwenye kikao hawakumbuki tangu lini, na mmoja alikuwa hajui kama bado ni mjumbe. Siku hiyo ndo nikaamua. Muda wa ile kamati ulikuwa unaisha mwishoni mwa 2023 na uchaguzi ulikuwa unakuja.

Kitu cha kwanza nilichofanya, kabla sijamwambia hata jirani, nilienda kwa mwalimu mkuu. Hili nalisisitiza, usimwache mwalimu mkuu akasikia habari zako kijiweni. Utafanya nae kazi kila siku, yeye ndo katibu, yeye ndo ana mafaili, akikuona adui toka mwanzo utashinda kura na bado utakaa hujui kinachoendelea. Nilimkuta ofisini anasahihisha madaftari, nikamwambia mwalimu nataka kugombea kamati na sababu yangu ni vyoo vya mabinti, sijaja kutafuta makosa yako. Kimya. Alafu akaniuliza, mama, nani amekutuma? Nikamwambia amenituma mwanangu. Akanyamaza tena kidogo akavuta faili akaanza kunionesha hesabu.

Na hapo ndo nikajua kitu ambacho kila mgombea angetakiwa ajue. Serikali inatoa ruzuku ya uendeshaji shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Katika hiyo, 4,000 inabaki juu huko kwa ajili ya vitabu, inayoshuka kwenye akaunti ya shule ni 6,000. Sasa chukua shule ya watoto mia nne kama yetu, ni milioni mbili na laki nne kwa mwaka, yani laki mbili kwa mwezi. Laki mbili hiyo ndo chaki, ndo karatasi za mitihani, ndo kitasa kikivunjika, ndo mpira wa michezo, ndo kila kitu. Choo cha matundu sita hakitoki humo hata mkae miaka. Mi nilikuwa kama wazazi wengine nadhani hela ipo nyingi inaliwa. Inaweza ikaliwa popote sikatai, lakini kama hujui inayoingia ni shilingi ngapi utajuaje imeliwa? Nenda kaulize idadi ya wanafunzi, zidisha mara 6,000, gawa kwa kumi na mbili, hiyo namba kaa nayo kichwani kabla hujaahidi mtu chochote.

Kuna la michango pia, usipolielewa watakukamata nalo. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016, na 2018 Rais Magufuli akakataza michango ya lazima mashuleni. Kijijini kwetu hadi leo ukitaja neno mchango mtu anakujibu Magufuli alikataza, anakunja mikono. Kilichokatazwa ni kumlazimisha mzazi na kumrudisha mtoto nyumbani kisa mchango, na walimu kushika hizo hela. Wazazi wakikaa wakakubaliana wenyewe kwa hiari kwenye mkutano na hela ikashikwa na serikali ya kijiji kwa risiti, hiyo inaruhusiwa. Nililiuliza kwa mtendaji wa kijiji, nikaliuliza tena kwa afisa elimu kata, ili nikisimama mbele ya watu niwe na uhakika wa ninachosema.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mi naliona kubwa kuliko yote. Tarehe ya kikao.

Kikao cha uchaguzi kilipangwa asubuhi ya siku ya kazi, mwezi wa kumi na moja. Mtu wa mikoa mingine ataona kawaida tu. Wa Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea, Ruangwa huko ataelewa hapohapo, mwezi wa kumi na moja sisi hatupo kijijini. Tuko kwenye mikorosho. Kuna familia zinahamia shambani kabisa, wanalala kwenye vibanda, asubuhi wanaokota, mchana wanatenganisha korosho na mabibo, jioni wanaanika, siku ya kupeleka ghalani kwenye AMCOS, yani chama cha ushirika cha wakulima, mtu anaondoka alfajiri. Hakuna mzazi ataacha korosho chini zinyeshewe aje kumsikiliza mtu anaomba kura. Kwa hiyo wanaokuja kwenye kikao cha namna hiyo ni wanaokaa jirani na shule, watu wa serikali ya kijiji na wenye maduka. Na hao wana watu wao tayari. Uchaguzi uliotangulia nilikuja kuambiwa watu waliokuwepo hawakujaza hata darasa moja, ndo maana ikapatikana kamati ambayo hakuna anaeijua.

Nilienda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba isogezwe. Alinipokea vizuri ila jibu lake lilikuwa anaejali mwanae atakuja. Iliniuma, maana wale walioko mashambani wanachookota ndo hicho kinanunua madaftari ya hao watoto. Sikubishana nae. Nilienda kwa wazee wa vitongoji mmoja mmoja, nikaenda kwa imamu wetu nikamweleza, maana Ijumaa ndo siku watu wanarudi kijijini kwa ajili ya swala na wengi wanakaa mpaka jioni wananunua mahitaji. Alafu nikaandika barua fupi ya kuomba kikao kiwe Ijumaa saa kumi jioni, wazazi wengine wakaisaini na mimi, nakala moja kwa mtendaji na moja kwa afisa elimu kata. Ile barua ndo ilifanya kazi. Ombi la mdomo linasahaulika, barua yenye saini za wazazi na muhuri wa kupokelewa inakaa kwenye faili na mtu inabidi aijibu. Kikao kikawa Ijumaa. Mzazi, ukisikia uchaguzi unakuja anza na tarehe kabla ya kitu kingine, na uanze wiki kadhaa mapema, ikibaki siku mbili hakuna atakaekusikiliza.

Kampeni zangu nilifanyia mashambani. Nilikuwa napanda boda mpaka njiapanda alafu natembea. Mara ya kwanza nilifika kwenye shamba la watu nikaanza kuongea nimesimama, bibi mmoja akaniambia mwanangu, ongea unaokota. Basi nikainama nikaokota nao, na maneno yakaenda vizuri zaidi, watu wanakuuliza maswali yao ya kweli mkiwa mmeinama wote. Tulikula ming'oko, vile viazi vya porini, pamoja na nikaondoka najua mambo ya ile shule ambayo mwalimu mkuu mwenyewe hayajui, mtoto gani anaacha shule msimu mzima kuokota, nani anasoma na njaa, mwalimu gani watoto wanampenda mpaka wanataja jina lake shambani.

Na hao mabibi ndo walinifungua macho. Huku kwetu watoto wengi wanalelewa na bibi, wazazi wako Mtwara mjini au Dar wanatafuta maisha. Bibi anamwamsha mtoto, anamlipia, anamfulia sare, lakini kikao cha shule haendi, nikiwauliza wananiambia sisi sio wazazi tumeambiwa ni kikao cha wazazi. Nikarudi kuuliza, mlezi anahesabika kama mzazi, ana haki zote. Nikawa kila ninapopita hilo ndo la kwanza kusema hata kabla ya jina langu, bibi una kura yako. Wengine walishangaa, kuna mmoja aliniomba nirudie.

Kulikuwa na akina mama wakubwa, makungwi wetu, walionikalia mbali mwanzoni. Walisikia kwamba nataka kuingia shuleni kupiga vita unyago. Nilienda kuwaamkia, nikakaa chini, nikawaambia mashangazi zangu mi nimechezwa unyago na wanangu wamechezwa, ninachoomba watoto wachezwe likizo ya mwezi wa sita na wa kumi na mbili wasitolewe darasani katikati ya muhula, na hili la hedhi mnalifundisha nyie kuliko mtu yeyote kwa hiyo nisaidieni kulisemea. Wao ndo walilisema kwenye mkutano kwa ujasiri ambao mi nisingeuweza mbele ya wanaume. Ukiwaheshimu watu wa mila wanakuwa msaada, ukienda na hotuba ya kuwasahihisha umeshapoteza kitongoji kizima.

Gharama. Boda na vocha za simu kama elfu sitini hivi kwa kipindi chote. Lakini kubwa ni kazi iliyolala, kila siku niliyokuwa mashambani cherehani imefunikwa, nakadiria nilipoteza zaidi ya laki na wateja wawili walioenda kwa fundi mwingine hawajarudi mpaka leo. Kama unaishi kwa kazi ya mikono weka akiba kidogo kabla hujaanza. Na ujue kwenye kamati hakuna mshahara, posho yenyewe usiitegemee.

Kuna waliotaka hela ya sukari. Kwenye kijiwe cha kahawa mtu ananiambia waziwazi dada mwenzio ametoa, na wewe toa tukukumbuke. Sikutoa hata mia. Nilimjibu kaka, nikikupa elfu mbili leo, kesho ukiniuliza vyoo viko wapi nitakujibu nilishakulipa. Alikasirika. Ila kiukweli ukianza kununua watu kwa nafasi isiyo na mshahara kila mtu atajiuliza unategemea kuirudisha wapi hela yako, na jibu wanalo, kwenye hela ya watoto. Achilia mbali kwamba rushwa ni rushwa hata kama ni ya kamati ya shule.

Maneno yalikuwa mengi. Kwamba najipima kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2024. Kwamba nina chama kinanituma. Nikaacha kabisa kuvaa kanga yenye rangi ya chama chochote hata nyumbani, na kila mkutano nikawa nasema wazi hapa sina chama nina watoto. Kwamba mume wangu ameshindwa kunituliza. Hilo liliniumiza, usiku mmoja nililia nikataka kuacha. Mume wangu alikuwa ameshaambiwa barazani na wenzie, alirudi akakaa kimya muda mrefu, alafu akasema mi sijasema uache, ila watoto wajue kabla hawajasikia kwa wengine. Akawa sahihi. Binti yangu alikuwa ameshaanza kuambiwa shuleni mama yako anataka kumfukuza mwalimu mkuu, akawa anaogopa hata kunyoosha mkono darasani na hajaniambia. Tukakaa nae tukamweleza, na mwalimu mkuu mwenyewe nilipomwambia akaenda kuongea na darasa. Hiyo ndo faida ya kuwa nilienda kwake mapema. Ongea na mtoto wako kabla ya kitu chochote, yeye ndo atakaekaa mle ndani siku nzima na hayo maneno.

Siku ya uchaguzi watu walijaa mpaka nje ya madirisha. Nilikuwa nimeomba tangu kwenye ile barua kwamba kura iwe ya siri, kwa sababu kunyoosha mikono kijijini sio kura, utanyooshaje mkono kumkataa mjomba wa mumeo nae anakuangalia, au mtu anaekukopesha unga. Shida ikawa wengi hasa bibi zetu hawaandiki. Mwalimu mmoja kijana akatoa wazo, kila mgombea akawekewa ndoo yake ya rangi tofauti ndani ya darasa, zikawekwa nyuma ya ubao, mlangoni kila mpiga kura anapewa korosho moja ghafi na mwalimu, anaingia peke yake anaidondosha kwenye ndoo anayoitaka anatokea mlango wa pili. Afisa elimu kata akasimamia. Bibi zangu walipiga kura bila kumtaja mtu na bila kushikwa mkono. Kama kwenu kuna wasiojua kusoma iga hii, ila hakikisha kuna mtu mlangoni anagawa mojamoja na ndoo zinaoneshwa tupu mbele ya watu kabla ya kuanza.

Kabla ya kura kila mtu alipewa dakika chache. Mgombea mmoja, mtu mwenye sauti nzuri na anapendwa, alisema akiingia anafuta michango yote na ndani ya mwaka madarasa mawili mapya yatakuwa yamesimama. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja nyuma akauliza, mwanangu, kwa hela ipi? Akajibu kwa hela ya serikali. Mzee akauliza, ni shilingi ngapi inakuja? Hakujua. Yale makofi yalikufa mle ndani na ndoo yake ilikuja kuonesha. Mi niliongea namba mbili tu, tatu na kumi na moja, matundu tuliyonayo na tunayotakiwa kuwa nayo, nikasema ruzuku ya shule haiwezi kuyajenga, tutahitaji nguvu zetu na halmashauri, na siwezi kuahidi mwaka gani yataisha ila naahidi kila baada ya kikao cha kamati nitasimama mkutano wa kijiji kuwaambia kilichozungumzwa. Nikakaa.

Nikawa wa pili kwa wingi wa korosho. Nikaingia. Uenyekiti sikuupata, kamati ilipokaa ilimchagua mzee mmoja mwalimu mstaafu na wakati ule nilisononeka maana waliokuwa wananiunga mkono walishaanza kuniita mwenyekiti. Baadae niliona ni heri. Yule mzee anaheshimika halmashauri, akiingia ofisini watu wanasimama kwa sababu wengine aliwafundisha, na mimi nikabaki na nafasi ya kufuatilia mambo chini bila kuwa na saini ya benki ya kuniletea presha. Usigombee ukiwa unaona ni uenyekiti au basi.

Ukishaingia kazi ndo inaanza na hapa nitasema machache ambayo yametusaidia. Kikao cha kwanza omba muhtasari wa vikao vilivyopita, kama haupo iandikwe kwamba haupo. Omba mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo, huo ni utaratibu na sio kumkosea mwalimu heshima, kwetu mwalimu mkuu mwenyewe alifurahi maana maneno ya kuwa anakula yalipungua watu walipoona ile laki mbili kwa macho yao. Muhtasari usomwe kabla ya kusainiwa, hata kama giza linaingia na kila mtu anataka kuondoka.

Na saini yako ilinde. Shule zinajenga kwa utaratibu wa fosi akaunti, yani shule yenyewe inasimamia ujenzi kwa mafundi wa hapahapa, kunakuwa na kamati ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi, na wazazi mnawekwa humo. Mi niliwekwa mapokezi. Siku moja ikaletwa karatasi nisaini kwamba saruji imefika, nikauliza iko wapi, nikaambiwa saini tu mama mzigo uko njiani. Sikusaini. Nilinuniwa, nikaambiwa nachelewesha maendeleo, mtu mmoja akaniambia ndo maana hatupendi kuweka wanawake. Nilikaa na msimamo wangu mpaka gari likaja, tukahesabu mfuko kwa mfuko, haikufika idadi iliyokuwa kwenye karatasi, ikabidi iliyobaki iletwe. Kama ningesaini, ile mifuko ningekuwa nimeipokea mimi kwa mujibu wa karatasi. Usipokee kwa saini kitu ambacho hujakihesabu kwa mkono wako, hata aliekuletea karatasi awe nani.

Vyoo vyenyewe, tulirudi kwenye kalenda ileile ya korosho. Mkutano mkuu wa kijiji ulikubali kila kaya ichangie na waliotoa nguvukazi wachimbe shimo, na tukasema mchango usiombwe mwezi wa tatu au wa nne wakati watu hawana kitu, wala mwezi wa sita na wa saba wakati kila shilingi inaenda kwenye salfa ya kupulizia mikorosho, uombwe baada ya malipo ya minada ya korosho kuingia. Tofauti yake ni kubwa sana. Mtu yuleyule ambae mwezi wa nne atakufungia mlango, mwezi wa kumi na mbili anakuita mwenyewe njoo uchukue ya shule kabla haijaisha. Hela ilipokelewa ofisi ya kijiji kwa risiti na majina yakasomwa mkutanoni. Mawe na mchanga tulisomba wenyewe, mabati na mafundi halmashauri ikasaidia baada ya mzee wetu kuwafuata bila kuchoka.

Leo wasichana wana matundu sita mapya yenye milango yenye komeo kwa ndani, na chumba kidogo cha kujisitiri chenye ndoano ya kutundikia begi. Akina mama tunaoshona tumeweka utaratibu wa kutengeneza taulo za kitambaa, zinakaa kwa mwalimu wa kike. Bado hatujafika kumi na moja. Maji bado ni shida, tuna mpango wa kuweka gata kwenye paa la madarasa na tanki la kuvuna maji ya mvua, na hela yake tutaiombea baada ya mnada kama kawaida yetu.

Muda wa kamati yetu unaelekea ukingoni. Barua ya kuomba tarehe ya uchaguzi iwe Ijumaa jioni na kura iwe ya siri nimeshaiandika, safari hii saini zimejaa kurasa mbili na nyingi ni alama za vidole za mabibi. Kuna mama mmoja kijana wa kitongoji cha jirani ameniambia anataka kugombea, nimempa ile hesabu ya 6,000 na namba ya bodaboda anaejua njia za mashambani.